Moodle na ripoti za maendeleo ya wanafunzi: tathmini kwa skuli za Unguja na Pemba

Kwa skuli inayotaka kufundisha kwa mtandao bila ya kulipia leseni, Moodle bado ndiyo ya kwanza kuifikiria. Martin Dougiamas aliitoa mwaka 2002 huko Australia, ni programu huria, na seva (kompyuta inayoiendesha tovuti) yenye kumbukumbu ya RAM ya GB 1 inatosha kuanzia kwa madarasa machache. Kupanga masomo na kukusanya kazi inafanya vizuri sana. Penye kuhitaji mkono wa mtu ni ripoti za maendeleo. Zikitolewa kama zilivyo na kupelekwa kwenye mkutano wa wazee, zitampamba mtoro na kumdhulumu aliyejituma. Sababu zake zinajulikana, na zote zinarekebishika.

Kasoro nzito kuliko zote iko kwenye kitabu cha alama. Moodle ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo, kazi ambayo mwanafunzi hana alama haiingizwi katika hesabu. Chukua somo lenye kazi 5, kila moja alama 100. Aliyefanya moja tu akapata 90 anaonyeshwa kuwa na asilimia 90. Mwenzake aliyefanya zote tano, kila moja kwa 70, ana asilimia 70. Mzee akizisoma ripoti hizo mbili ataona mtoro ndiye anayeongoza darasa. Ingia kwenye mpangilio wa kitabu cha alama, hariri kundi kuu la somo, fungua sehemu ya mipangilio ya ziada, kisha uondoe tiki ya kutohesabu alama zilizo tupu. Yule wa kwanza atashuka hadi asilimia 18, ambayo ndiyo haki yake.

Tiki hiyo isiondolewe katikati ya muhula, kwa sababu kazi ambazo wakati wake haujafika nazo zitahesabiwa sifuri na darasa zima litaporomoka kwa siku moja. Muhula ukiwa unaendelea, weka sifuri kwa kazi iliyokwisha kupitwa na muda tu. Tiki iondolewe mwishoni, kabla ya kutoa ripoti.

Na hiyo sifuri, mahali inapoandikwa pana maana kubwa. Ukiiandika ndani ya kazi yenyewe, mwanafunzi akileta baadaye na ukasahihisha, alama mpya inaingia bila ya tatizo. Ukiiandika moja kwa moja kwenye jedwali la alama la somo, Moodle inaichukua kuwa ni amri ya mwalimu inayozidi hesabu zote, yaani ubatilishaji. Seli inabadilika rangi, na tangu hapo mwanafunzi anaweza kurudia jaribio akapata 85, jedwali likabaki na sifuri ile ile. Malalamiko mengi ya "nimefanya lakini alama haibadiliki" yanatoka hapa. Dawa yake ni kuihariri seli hiyo, kuondoa tiki ya ubatilishaji na kuhifadhi. Alama ya kweli itarudi yenyewe kutoka kwenye jaribio. Huduma ya kujaza sifuri kwa mkupuo kwenye nafasi zote tupu nayo inaacha ubatilishaji huo huo, kwa hiyo anayeitumia aandike pembeni ni kazi ipi na tarehe gani, vyenginevyo hatakumbuka pa kwenda kufungua.

Jaribio lililokuwa na jibu sahihi lililowekwa kimakosa lina matatizo yake. Kulirekebisha swali peke yake hakubadilishi alama za waliokwisha kulifanya. Lazima uende kwenye matokeo ya jaribio na kuagiza usahihishaji upya, kisha uangalie jumla za wanafunzi wawili watatu kwa macho yako.

Sasa ule mstari wa asilimia unaoonekana kwenye ukurasa wa mwanafunzi. Wengi wanaudhani ni ufaulu, kumbe ni hesabu ya shughuli alizokamilisha kati ya zile zinazofuatiliwa. Aliyekamilisha 10 kati ya 10 ana asilimia 100 hata kama alama zake ni mbovu, na mwalimu akiongeza shughuli 2 anashuka hadi asilimia 83 bila ya kosa lolote. Ufuatiliaji wenyewe unatakiwa uwashwe ngazi tatu: kwenye tovuti nzima, kwenye somo, na kwenye kila shughuli. Ikikosekana moja, ripoti inakuwa tupu. Sharti la "kufungua ukurasa" halifai kutegemewa peke yake, kwani mwanafunzi anafungua, anafunga, anahesabiwa kamaliza. Kwa jaribio, weka sharti la kufikia alama ya kufaulu, na hiyo alama ya kufaulu uiandike, kwa sababu mara nyingi nafasi hiyo inaachwa wazi.

Jambo la hatari hapa ni kubadilisha masharti baada ya wanafunzi kuanza. Moodle inayafunga kwa makusudi. Ukiyafungua, kumbukumbu za ukamilishaji wa shughuli hiyo zinafutwa na kupigwa hesabu upya, na tiki ambazo wanafunzi waliziweka wenyewe kwa mkono zinaweza kupotea. Pakua kwanza ripoti ya ukamilishaji kama faili la Excel. Kwa aliyefanya kazi yake kwenye karatasi kwa sababu ya umeme au bando, huna haja ya kugusa masharti: mwalimu anabofya kisanduku cha mwanafunzi huyo kwenye ripoti na kumwekea ukamilifu, na mfumo unahifadhi nani aliyeuweka.

Ukamilishaji wa somo zima unategemea kroni, yaani kazi ya seva inayotakiwa kuendeshwa kila dakika moja. Fundi asipoiweka, au seva ya skuli ikizimika kila umeme unapokatika na kuwashwa bila ya kroni kuanza tena, ripoti zinasimama pale pale na majaribio yaliyokwisha muda hayakusanywi. Msimamizi autazame ukurasa wa kazi za seva kabla ya kumlaumu mwalimu.

App ya simu inafaa sana kwa Wete, Micheweni au Makunduchi, kwani mwanafunzi anapakua somo penye mtandao na kusoma nyumbani. Lakini alichokifanya kinabaki kwenye simu yake mpaka aifungue app tena akiwa na mtandao. Siku moja kabla ya kutoa ripoti, waambieni wote wafanye hivyo. Jaribio halifanyiki bila ya mtandao isipokuwa limeruhusiwa kwenye mipangilio yake.

Halafu saa. Moodle inahesabu saa 24, na siku inaanza 00:00. Mwalimu anayetaka kazi ifungwe Ijumaa saa sita usiku akachagua Ijumaa 00:00, amefunga usiku wa kuamkia Ijumaa. Wanafunzi wamepoteza siku nzima na ripoti inawaita wachelewaji. Chagua 23:59. Hakikisha pia tovuti imewekwa saa za Dar es Salaam. Ikiachwa kwenye saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kazi iliyoletwa saa nane usiku itaandikwa 23:00 ya jana yake.

Majina ya visiwani yanafanana mno, na mwanafunzi aliyesahau neno la siri aghlabu anafunguliwa akaunti ya pili, maendeleo yakagawika. Moodle yenyewe haina njia ya kuziunganisha. Iko programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea) inayofanya hivyo, na ijaribiwe kwenye nakala ya tovuti kwanza. Jaza nambari ya usajili ya skuli kwa kila mmoja tangu siku ya kuwaandikisha.

Tafsiri ya Kiswahili ipo lakini haijakamilika, kwa hiyo kurasa za mipangilio zitachanganya lugha. Skuli isiyo na mtandao kabisa itafaidika zaidi na Kolibri, programu ya kusomea bila ya mtandao ya shirika la Learning Equality, ambayo inafanya kazi hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na inamwonyesha mwalimu nani ameanza, nani amemaliza na nani anahitaji msaada. Haina kitabu cha alama kama cha Moodle, na kwa darasa la msingi huenda hicho hakihitajiki.