Mashine za Kufungia Baiskeli ya Mlimani: Tazama Friwili Kabla ya Bei

Malalamiko ya wasomaji msimu huu yamekuwa ya aina moja: mashine ya kufanyia mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba imefika, sanduku limefunguliwa, na baiskeli ya mlimani imekataa kuingia. Anayejiandaa kwa Cape Epic, mashindano ya siku nane yanayofanyika Machi nchini Afrika Kusini, huku nje kwake kumejaa theluji, hana wiki za kupoteza akisubiri kipuri. Kwa hiyo sitagusia kelele wala usahihi wa kupima wati, kwa kuwa hayo yameandikwa ya kutosha.

Mashine zinazochukua nafasi ya gurudumu la nyuma kwa kawaida huja na friwili (kipande kinachovalishwa gia za nyuma) ya muundo wa HG wa kampuni ya vipuri ya Shimano, uliotengenezwa kwa kaseti, yaani mafungu ya gia za nyuma, ambazo gia yake ndogo ina meno 11. Baiskeli nyingi za mlimani za gia 12 zina kaseti inayoanzia meno 10, nayo haikai kabisa kwenye HG: ile ya Shimano huhitaji friwili ya Micro Spline, na ile ya mshindani wake, SRAM, huhitaji friwili ya XD. Upana wa ekseli nao una utata wake, kwani fremu ya Boost, yenye nafasi pana zaidi ya gurudumu la nyuma, ni milimita 148, si 142. Mwenye fremu pana zaidi ya hiyo, Super Boost ya 157, asilipe chochote kabla ya kuthibitishiwa kwa maandishi.

Chaguo langu la kwanza ni Tacx Neo 2T, na upendeleo wangu siufichi. Adapta za 142 na 148 zimo sandukuni, ingawa friwili za XD na Micro Spline hununuliwa kando. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hutumia mota badala ya gurudumu zito la chuma, hivyo hukaza vilivyo hata ukipanda polepole kwa gia nyepesi, na huiga mwinuko wa hadi asilimia 25.

Ya pili ni Wahoo KICKR Core yenye Zwift Cog, yaani gia moja tu inayokubali minyororo ya mifumo ya gia 8 hadi 12. Nakiri kwamba inamaliza tatizo la kaseti, lakini gia unazobadilisha ni za kuigizwa na programu ya mazoezi kwenye skrini, na miguu haizizoei zile utakazozitumia siku ya mashindano.

Za bei nafuu, zinazobana tairi la nyuma, zitakulazimu kuvua tairi lenye vijino na kuvalisha laini, na mara nyingi kununua ekseli maalumu.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaoandika kwamba mashine "inafaa baiskeli zote za mlimani", kisha wanakutoza zaidi kwa kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na sanduku likishafunguliwa hawalipokei tena. Mmoja wao, nilipomuuliza ni friwili ipi imo ndani, alinijibu kwa kunitumia picha ya sanduku.