Gwaride la siku tano Malindi: miguu imefunzwa, sauti imesahauliwa

Kama una skauti, walinzi wa hoteli au vijana wa bendi wanaotakiwa kupita mbele ya jukwaa Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, wapo wakufunzi hapa Malindi wa kukodi kwa siku tano. Huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa mbili na nusu, kabla jua halijakaza. Bei hupatanwa kwa kikosi, si kwa kichwa, kwa hivyo ukileta watu thelathini unalipa nafuu kuliko ukileta kumi. Hawa tunaowapima hapa hatuwataji, maana yapo ya kuwalaumu. Miguu wanaifunza vizuri. Sauti wanaiacha hadi asubuhi ya mwisho, na kikosi huharibikia hapo.

Siku ya kwanza hakuna anayetembea. Ni mguu sawa na mguu pande hadi watu wachoke. Mguu sawa: visigino vimegusana, vidole vimeachana kwa nyuzi 30, ngumi zimefungwa bila kubanwa, gumba limeelekea mbele juu ya mshono wa suruali. Mguu pande: mguu wa kushoto peke yake ndio unaotoka, kama sentimita 30, na mikono inakwenda nyuma, wa kulia ukilala juu ya kiganja cha kushoto. Raia wengi hukosea papa hapa. Huhamisha mguu wa kulia, au hurusha yote miwili kama kuku aliyetiwa maji. Mkufunzi huchora mstari wa chokaa kando ya kiatu cha kulia cha kila mtu, kisha anakaa kimya. Kiatu kikiachana na mstari, mwenyewe anajiona.

Somo la kuzimia nalo wanalitoa mapema, na hilo tunawapongeza. Anayeanguka kwenye gwaride si lazima awe mgonjwa. Amekaza magoti na kusimama kama mlingoti, vigimbi havisukumi damu kurudi juu, damu inatuama miguuni, macho yanaingia giza. Dawa yake haionekani kutoka jukwaani: kunja na kunjua vidole ndani ya kiatu, kaza vigimbi na uvilegeze, weka uzito mbele kidogo badala ya visiginoni. Kunywa maji tangu usiku, na usije na tumbo tupu; hata mahamri mawili na chai yanatosha. Ukihisi masikio yanavuma, piga goti mwenyewe. Usingoje kuanguka kifudifudi.

Siku ya pili na ya tatu ni mwendo. Hatua ya kawaida ni kama sentimita 75, na mwendo wa haraka ni hatua 116 hadi 120 kwa dakika. Mwendo wa pole ni kama 65. Wanalaza kamba 21 chini, moja kila sentimita 75, na kila mtu anapita juu yake mara kumi. Uzuri wa kamba ni kwamba zinawafichua warefu. Mrefu wa mbele akizidisha sentimita tano tu kwa kila hatua, baada ya hatua mia ameiba mita tano, na wa nyuma wanakimbia huku wakijidai wanatembea. Kwa watoto wa shule ya msingi, punguza urefu wa hatua, usipunguze kasi. Wakufunzi hawa walikuwa wazito kulikubali hilo.

Yupo pia yule anayerusha mkono na mguu wa upande mmoja. Kila kikosi kina wake. Kumpigia kelele kunazidisha, kwa sababu tatizo ni kufikiria. Mkufunzi mmoja humwambia atembee kama anayekwenda sokoni, bila amri yoyote, na akishazoea humtilia hesabu ya kushoto, kulia taratibu. Vijana waliozoea kufuata beni harusini hushika mdundo upesi, maana beni yenyewe ilizaliwa kwa kuiga bendi za kijeshi. Ngoma kubwa hugonga mguu wa kushoto, na gwaride huanza kwa mguu huo huo. Shida yao ni mabega, yanacheza.

Sasa sauti. Amri ina vipande viwili: cha kutahadharisha, kinachovutwa, na cha kutenda, kinachokatwa. Katikati kuna kimya, na kimya hicho lazima kiwe na urefu ule ule kila mara, ama sivyo nusu ya kikosi itageuka kabla. Kiswahili kina mtego wake. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ge-U-ka, lakini kisigino kinataka mlio wa mwisho. Mtoa amri mzoefu huuhamisha mkazo: “Kuliaaa… geuKA!” Asiyejua hilo hutamka kama anayesoma taarifa ya habari, na watu thelathini wanageuka kwa nyakati thelathini. Upepo nao una neno lake. Kusi ikivuma kutoka baharini, mtoa amri asimame upande unakotoka upepo, aupe mgongo, ili sauti ibebwe hadi kikosini. Yote haya yalipewa saa moja tu, siku ya tano, na viranja wawili kati ya watatu hawakupata zamu ya kujaribu. Hapo ndipo pesa zilipopotea.

Maelezo ya desturi wanayatoa wakati wa kupumzika, na ni matamu. Raia humwita afande kila aliyevaa sare, lakini kikosini neno hilo hupanda tu: mdogo humwita mkubwa wake. Lilianza kama efendi ya Kituruki. Bendera ni ya Kireno, nasi tunaoishi na nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa 1498, hatuna haja ya kushangaa. Askari ni Kiarabu, sajini ni Kiingereza. Keya ni kifupi cha King’s African Rifles, jeshi la Mwingereza lililotumwa kuwapiga Wagiriama 1914; wazee wa huku hawalitaji jina hilo kwa kucheka.

Saluti wameifunza sawasawa: mkono unapanda kwa njia ndefu, unashuka kwa njia fupi. Kwa desturi tuliyorithi kwa Waingereza, asiye na kofia hapigi saluti. Anasimama mguu sawa. Heshima yenyewe inakwenda kwa cheo, si kwa mtu. Walinzi wa hoteli wanaowapigia saluti Waitaliano waliovaa kandambili wanaweza kuendelea, ni ukarimu wa kibiashara, lakini wavae kofia kwanza.

Uwanja ndio ulioudhi. Siku moja walipeleka kikosi ufukweni ili picha zipendeze. Mchanga hunyonya mlio wa kisigino na kufupisha hatua, na kazi ya siku mbili ikarudi nyuma. Dai uwanja wa udongo mgumu au saruji, usio na mawe ya matumbawe.

Ukiwakodi, andikianeni kabla ya malipo: viranja watoe amri kuanzia siku ya pili, dakika ishirini kila asubuhi, wakisimama hatua kumi na tano mbele ya kikosi. Mazoezi ya fimbo kama bunduki yaondoeni kabisa. Yanakula nusu siku, na skauti hana atakapoyatumia.