Wanamaji wastaafu wikendi nzima Mombasa: nyumba, mpishi, treni na jahazi

Nyumba nyota nne. Mpishi tano, na asiyekubali aje tubishane. Treni nne. Jahazi la chakula cha jioni mbili, na moja kati ya hizo ni ya nahodha, si ya kampuni. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Mwenye kundi la wazee wanaotaka kwenda Mombasa na hawajui pesa waziweke wapi, aendelee.

Sisi ni wastaafu wa Jeshi la Wanamaji la Kenya. Wengi tulifahamiana kwenye KNS Umoja na pacha wake KNS Nyayo, zile meli za makombora zilizotoka Uingereza mwaka 1988. Baadaye kila mtu akaondoka na kiinua mgongo chake: mmoja ana duka la vipuri Kitale, mwingine analinda benki Machakos, mwingine yuko Taveta na mbuzi wake. Kwenye WhatsApp kila mwaka ni "tukutane, tukutane", halafu kimya. Safari hii palikuwa na sababu. Tarehe 16 Desemba 2024 jeshi letu lilikuwa linatimiza miaka 60, na Sikukuu ya Jamhuri iliangukia Alhamisi, kwa hivyo hata wenye vibarua waliweza kuomba ruhusa ya Ijumaa.

Treni nitaisema upesi. Tikiti ya daraja la kawaida kutoka Nairobi ni shilingi 1,500 tangu bei zilipopanda Januari 2024, na Desemba zinaisha mapema, kwa hivyo mmoja wenu anunue za wote kwa M-Pesa, awadai baadaye. Pale kituo cha Syokimau mizigo hupangwa chini kwenye mstari ili mbwa wainuse. Kijana wa usalama alikuja kutuelekeza, akakuta mabegi yetu yamenyooka kama yamepigwa kamba. Akacheka, akaenda kwa wengine. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, mbali na kisiwa, na ukitoka pale usiku bila gari uliloagiza utapangiwa bei na yeyote atakayekuona kwanza. Mwenye nyumba wetu alitutumia gari. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

Nyumba iko Nyali, vyumba vitano, shilingi 28,000 kwa usiku kwa bei ya Desemba, tukagawana watu tisa. Hoteli tuliyoifikiria mwanzo ilitaka pia tulipie ukumbi wa mikutano. Mkutano wa nani? Tulichohitaji ni mahali pa kukaa tubishane, na nyumba hii inapo: paa bapa juu, viti vya plastiki, na bahari mbele. Kutoka hapo unaziona meli zilizotia nanga nje zikingoja zamu ya kuingia bandari ya Kilindini. Usiku zinawasha taa, na wazee nao wanaanza. Ile ni ya makontena au ya ngano? Mbona imegeuka kabla ya wenzake? Senior wetu, aliyezeekea kwenye chumba cha injini na masikio yake hayasikii vizuri tangu hapo, anadai anaijua meli kwa mtetemo wa bomba lake hata ikiwa maili mbili. Hakuna aliyemwamini na hakuna aliyelala kabla ya saa nane.

Nyota niliyoikata ni ya maji. Maji ya bomba Mombasa huja kwa mgawo, na nyumba nyingi za Nyali zinaishi kwa kisima cha chumvi. Tangazo lilisema maji yapo saa 24, na kweli yalikuwapo, ila halikusema ni ya aina gani. Sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa brashi. Sisi tumeoga vibaya zaidi ya hapo, lakini mwenye kuja na watoto wachanga aulize kama kuna tangi la maji tamu.

Sasa mpishi. Yeye ni nyongeza, shilingi 3,000 kwa siku na vyakula mnanunua wenyewe. Ni mama wa makamo kutoka Kisauni. Alituangalia mlangoni, wazee tisa na vitambi vyetu, akauliza swali moja tu: "Baba zangu, nazi mwala, ama niwapikie kibara?" Yaani tunakula nazi, au atupikie kama watu wa bara? Asubuhi yake tukaamkia mahamri na mbaazi za nazi, na yule wa Kitale aliyekuwa amebeba mkate wake kutoka nyumbani akauficha.

Alitupeleka wawili soko la samaki Mji wa Kale mapema, akatupa amri kabla hatujashuka kwenye tuktuk: "Mkinyamaza, bei yatulia. Mkisema, yapanda." Tukanyamaza. Akachagua kolekole kwa kuinua mashavu na kunusa, akamrudishia muuzaji wa kwanza bila kueleza, wa pili pia, kwa wa tatu akalipa. Pweza akachukua mmoja mkubwa. Kolekole akambanika kwenye makaa, akampaka tui zito la nazi lenye ukwaju na pilipili, akamrudisha motoni, akampaka tena. Kati yetu yupo aliyekuwa mpishi wa meli, mtu aliyelisha watu 40 katikati ya mawimbi ya kusi, na siku ya kwanza aliingia jikoni mikono nyuma kama anakagua. Jioni nilimkuta ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, anaambiwa anakuna mpaka kwenye kifuu na aanze nyingine. Alikuwa akiitikia "ndiyo, Mama" kwa sauti ambayo hata kamanda hakuwahi kuipata.

Ukitaka kujua ziada yako uitie wapi, itie hapo. Usiitie kwenye jahazi.

Jahazi lilikuwa shilingi 4,500 kwa kichwa, na tangazo lilisema "safari ya tanga chini ya mwezi". Mwezi ulikuwapo kweli, Jumamosi ile ya kuamkia mwezi mpevu, na kaskazi inavuma kistaarabu. Kampuni haikuwa na mkono katika hayo mawili. Yaliyokuwa mikononi mwake yalikuwa haya: injini ilinguruma tangu gatini, tanga limefungwa kwenye foromali, ile boriti yake, spika inapiga nyimbo za sherehe ya kuzaliwa ya kundi jingine, na kamba wa kuliwa walikuja wamepoa. Kabla hata ya kuketi, macho yetu sote tisa yalikuwa yamekwenda mahali pamoja: jaketi za kujiokolea zilikuwa chini ya benchi, na juu yake makreti ya soda. Hakuna aliyetoa amri. Makreti yakahama, jaketi zikatolewa, zikahesabiwa, zikalingana na watu kwa shida. Wahudumu walitutazama kama wakorofi.

Senior akaenda nyuma kwa nahodha. "Kijana, upepo wote huu, tanga umelifunga la nini?"

"Mzee wangu, si mimi. Chombo kikilala upande kidogo tu, wageni wapiga mayowe, wadai pesa zao."

Lakini tulipofika mbele ya Fort Jesus, wengine wakiwa wamezama kwenye keki, yule kijana akazima injini na akaita mabaharia wake. Tanga likapanda, likashika upepo, chombo kikalala kama kinavyotakiwa, na kuta zile ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593 zikapita pembeni zimeangazwa na mwezi. Dakika chache tu, na ndizo tulizolipia. Nahodha huyo akipata chombo chake mwenyewe nitampigia simu. Kwa sasa, ushauri wangu ni kukodi mashua ya wavuvi mchana kwa bei ya kupatana, na kuhesabu jaketi kabla ya kupanda.

Vitu vizuri zaidi havikuwa kwenye ankara yoyote. Feri ya Likoni ni bure kwa mwenye miguu. Jumapili tulivuka na umati, baiskeli, mikokoteni na mama wenye vikapu, tukaelekea upande wa Mtongwe ambako ndiko kambi yetu. Mstaafu haingii kwa sababu tu anakumbuka njia, na picha haziruhusiwi, kwa hivyo tulikula viazi karai nje, tukahesabu miti iliyokatwa, tukarudi. Njiani kurudi, mmoja wetu alisimama peke yake kwenye ukingo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka watu 272 walikufa, na yeye alikuwa kambini siku ile, akaitwa na wenzake. Hajawahi kutusimulia, nasi hatukumuuliza. Tulimsogelea tu, tukaanza kuzungumza habari za mbuzi wa Taveta.

Alasiri tukamalizia Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyokarabatiwa mwaka 2019. Nendeni saa kumi wakati wa bamvua, maji yamejaa hadi kwenye mwamba, na mlango wa bandari ni mwembamba kiasi kwamba meli ya makontena inapita karibu mno, unaweza kusoma jina lake bila miwani. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, na meli. Hapo ndipo ubishi mkubwa ulipozuka, kati yetu wa meli kubwa na mdogo wetu aliyekuwa Kismayu, Somalia, tarehe 28 Septemba 2012, jeshi la Kenya lilipouvamia mji huo kutoka baharini. Yeye anasema wanamaji wa kweli ni waliotua ufukweni gizani. Sisi tunamwambia ufuko ni kazi ya watu wasiojua kuelea. Wauza mihogo walitega masikio mpaka mafuta yakaungua.

Kuhusu Mtwapa, mji wa starehe kaskazini ya Mombasa: ndiyo, kuna disko mpaka alfajiri, na kuna watatu walioapa watakwenda. Saa nne usiku niliwakuta wamelala na viatu.

Amana ya nyumba, shilingi 10,000, ilirudi kwa M-Pesa Jumanne bila kusukumana, pungufu ya 800 za kiti kimoja cha plastiki. Senior anasema kiti kilikuwa na ufa tangu mwanzo. Picha tulizopiga siku ya kwanza zinasema vingine, na suala hilo bado linajadiliwa.