Wikiendi kwenye nyumba inayopanda na maji, Maasbommel

Mi nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, mto Msimbazi ukifurika tulikuwa tunapandisha godoro juu ya kabati na mama anatoka na ndoo ya unga kichwani, kwa hiyo niliposikia huku Uholanzi kuna nyumba za kukodi kijiji cha Maasbommel ambazo mto ukijaa zinanyanyuka zenyewe, nikalipia wikiendi nzima niende nikaone kwa macho yangu.

Siku za kawaida imekaa chini kama nyumba yoyote. Kitako chake ni boksi la zege lililo wazi ndani, juu yake nyumba ya mbao, nyepesi. Maji ya mto Maas yakipanda boksi linaelea kama jahazi na nyumba inapanda nalo, ila haiendi popote sababu imeshikwa na nguzo za chuma, inaweza kupanda mpaka mita 5.5, maji yakishuka inarudi palepale. Zimejengwa 2005, za aina hii ziko 32. Januari 2011 mto ulijaa kweli zikanyanyuka. Na Desemba mwaka huohuo sisi Dar Msimbazi ulitufagia, majirani zetu wengine wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Sebule ina mwanga mzuri, unaamka unaona maji na boti tu, usiku kimya kabisa. Ngazi nyembamba, mwenye watoto awe makini. Bei imechangamka, na aliyetuletea funguo alichelewa saa nzima tukaloa mvua.

Kuiga hivihivi kwetu hapana. Maas unapanda taratibu watu wanajua mapema, Msimbazi unakuja usiku mmoja na tope, matairi, mafriji mabovu, taka zikiingia chini ya kitako maji yakishuka nyumba itakaa upande. Hapo lazima uzio wa kuzuia taka. Ila zege sio lazima, Dhaka, Bangladesh, wameshajenga nyumba ya mfano yenye kitako cha mianzi kilichojazwa chupa tupu za plastiki, na chupa jamani kwetu zimejaa kila mtaro.

Jioni nikampigia mama simu ya video. Kaangalia nguzo, kaangalia sebule, hakushangaa sana. Akauliza, "Na choo je, mwanangu, nacho kinapanda?" Nikachuchumaa nikamwonyesha bomba la majitaka, laini, linajikunja, limeachiwa urefu wa kutosha kupanda na nyumba. Akanyamaza kidogo, akasema niisogeze simu karibu alione vizuri.