Uzoefu wangu na Firefox: kuzuia IP halisi isivuje kupitia WebRTC

Natumia kivinjari cha Firefox pamoja na VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva yake ili tovuti zisione anwani yako) kila siku, na haya nawaandikia hasa wale wanaolipia VPN wakiamini kazi imekwisha. Haijaisha. Kivinjari chenyewe kinaweza kuipa tovuti anwani yako halisi ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, huku VPN ikiwa imewaka na alama yake ya kijani ikikuambia mambo ni shwari.

Uvujaji huu hupitia WebRTC, teknolojia ya kupiga simu za sauti na video ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Firefox imekuja nayo ikiwa imewashwa tangu toleo la 22, mwaka 2013. Ili watu wawili waunganishwe moja kwa moja, kila kivinjari lazima kijue anwani zake. Hivyo huiuliza seva ya STUN inakiona kikitokea anwani gani, na jibu hilo JavaScript, yaani kodi inayoendeshwa ndani ya ukurasa, inaweza kulisoma. Hakuna kidirisha kinachokuomba ruhusa, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwaka 2015 Daniel Roesler aliweka kwenye GitHub, tovuti ya kushirikiana kodi, kodi fupi iliyolidhihirisha jambo hili, kwa hiyo si siri, lakini bado nakutana na watu wengi wasiolijua.

Mwanzoni nilitumia VPN ya aina ya kiendelezi, ile unayoiongeza kwenye kivinjari tu. Kwa kawaida kitu hicho ni proksi, yaani seva ya kati: hupitisha kurasa za wavuti, ila maswali ya STUN husafiri kwa UDP, njia nyingine ya kutuma data, na yanaweza kuikwepa kabisa. Nilifungua ukurasa wa kupima uvujaji. Juu paliandikwa anwani ya seva ya VPN, vizuri kabisa. Chini, kwenye sehemu ya WebRTC, ilikaa anwani niliyopewa na mtoa huduma wangu wa intaneti, tarakimu kwa tarakimu. Tovuti yoyote ingeweza kuzisoma zote mbili kwa pamoja na kujua kwamba ni za mtu mmoja.

Dawa niliyoipata Firefox ni hii. Andika about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox) kwenye upau wa anwani, kubali onyo, tafuta media.peerconnection.enabled kisha ibadilishe iwe false. Nikapakia upya ukurasa ule ule wa kupima, na sehemu ya WebRTC ikawa tupu. Hakuna kiendelezi cha kuongeza, wala mtu mwingine wa kumwamini katikati. Kwa hili naisifu Firefox kwa moyo wote.

Tatizo ni kwamba mikutano ya video ya kwenye kivinjari nayo hufa papo hapo. Ipo njia ya kati: acha WebRTC ikiwa imewashwa, halafu weka true kwenye media.peerconnection.ice.default_address_only na media.peerconnection.ice.no_host. Ya kwanza hukibana kivinjari kitumie njia kuu ya mtandao peke yake. Ya pili huzuia anwani za ndani, zile za 192.168 na ndugu zake, zisitolewe. Kwa kawaida Firefox huzificha hizo za ndani kwa jina refu la nasibu linaloishia na .local, lakini ukishairuhusu tovuti kamera au maikrofoni, kinga hiyo huondoka. Njia hii ya kati inafaa kama VPN yako imesakinishwa kwenye kompyuta nzima, maana hapo njia kuu ni ya VPN. Kwa VPN ya kiendelezi haitoshi, usijidanganye.

Mimi niliishia kutumia about:profiles, ukurasa wa Firefox wa kutengeneza wasifu tofauti, kila mmoja na mipangilio yake. Nina wasifu mmoja wa kazi za kawaida, WebRTC imezimwa kabisa, na mwingine wa mikutano tu. Mipangilio ya huu haigusi ule, na tangu hapo sijalazimika kuzima na kuwasha kila mara.

Unapopima, anza VPN ikiwa imezimwa, uandike IP yako halisi mahali, ndipo uiwashe na kulinganisha. Angalia na IPv6 pia, yaani aina mpya ya anwani za IP, kwa sababu kuna VPN zinazobeba IPv4, ile ya zamani, peke yake na kuiacha IPv6 itoke nje wazi. Hapo kosa si la WebRTC, na mpangilio wa media.peerconnection hautalirekebisha, inabidi ubadilishe VPN au uzime IPv6 kwenye kompyuta yenyewe.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu kinga muhimu kiasi hiki imefichwa about:config, nyuma ya onyo linalomtisha mtumiaji wa kawaida. Brave, kivinjari kingine, wanao mpangilio wa WebRTC kwenye menyu yao ya faragha, unachagua na kuendelea na shughuli zako. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wakifanya hivyo hivyo, nyota ya tano nitaiongeza siku hiyo hiyo.