Hekalu la Veerabhadra, Lepakshi: usiishie kwenye nguzo inayoning'inia

Lepakshi ni kijiji cha Andhra Pradesh, kusini mwa India, kama kilomita 15 kutoka mji wa Hindupur na 120 hivi kutoka Bengaluru. Wageni wengi hushuka garini, huiendea nguzo moja, hupiga picha na kuondoka. Nguzo ina haki ya sifa zake, ila utajiri wa hekalu hili la karne ya 16, zama za mfalme Achyuta Deva Raya wa dola ya Vijayanagara, uko darini. Asiyeinua shingo amekwenda bure.

Tuimalize hiyo nguzo kwanza. Ukumbi wa ngoma una nguzo za graniti kama 70, na moja kati yake haikukaa sawasawa sakafuni. Watu hupitisha kitambaa chembamba chini yake, kikaingia huku kikatokea kule. Kikikwama usikivute kwa nguvu, kwa sababu kona moja bado inagusa sakafu na kitambaa kitachanika. Kirudishe nyuma kidogo ukipitishe kandokando. Wasimulizi husema mhandisi mmoja Mwingereza alijaribu kuisogeza ili agundue siri yake, ikahama kidogo tu. Ukikuta foleni, achana nayo, urudi baadaye.

Sasa inua kichwa. Michoro imepakwa juu ya lipu ya chokaa, kwa rangi nyekundu ya udongo, manjano, nyeusi, nyeupe na kijani kidogo, ikaenda kwa mikanda mirefu inayosomwa kama hadithi. Utamwona Arjuna, shujaa wa utenzi wa Mahabharata, akigombania nguruwe mwitu na mungu Shiva aliyejigeuza mwindaji, arusi ya Shiva na mungu wa kike Parvati, na yule mfalme wa Kichola aliyemhukumu mwanawe kwa kumuua ndama kwa gari la farasi. Angalia mavazi: pindo za sari na kofia zilizochongoka ni kumbukumbu ya nguo za wakati ule. Sehemu kadhaa zimebanduka kwa maji yaliyopenya mawe, na hilo linauma. Ukitoka juani hutaona kitu. Simama dakika chache macho yazoee, wala usiwashe mwanga wa kamera, kwani unaipa picha weupe na kuzima rangi.

Mwenye hekalu ni Veerabhadra, ghadhabu ya Shiva iliyozaliwa kutokana na unywele wake baada ya mkewe Sati kufia kwenye kafara ya baba yake, Daksha. Ibada yenyewe si ndefu. Mletee kuhani nazi, maua, ndizi na majani ya tambuu. Baada ya nazi kuvunjwa na kafuri kuwashwa mbele ya mungu, sinia ya moto huletwa kwa waumini: pitisha viganja juu ya mwali, kisha uviguse machoni. Unachorudishiwa kipokee kwa mkono wa kulia. Unapozunguka, hekalu liwe kuliani mwako daima. Shivaratri, sikukuu ya Shiva kati ya Februari na Machi, ndiyo siku yenye uhondo wa ibada, na siku mbaya kabisa kwa anayetaka kutazama dari kwa utulivu.

Nje, ukumbi wa arusi ya Shiva na Parvati umeachwa bila paa, nguzo zimesimama na miungu waalikwa. Inasimuliwa kuwa Virupanna, mtunza hazina aliyejenga hekalu pamoja na nduguye Viranna, alishtakiwa kwa kutumia fedha za mfalme. Alipohukumiwa kupofushwa, aliyang'oa macho yake mwenyewe akayatupa ukutani. Waongozaji hukuonyesha madoa mekundu. Hapo wengine hupata asili ya jina, kijiji cha macho yaliyopotea. Wengine hushika utenzi wa Ramayana: ndege Jatayu alianguka hapa akimtetea Sita, mke wa Rama, aliyekuwa ametekwa, na Rama akamwambia kwa Kitelugu, lugha ya huku, “le, pakshi”, inuka, ndege. Hadithi zote mbili zinaishi kijijini bila ugomvi.

Nyuma ya hekalu kuna nyoka wa jiwe mwenye vichwa saba akifunika linga nyeusi, jiwe la mviringo linalomwakilisha Shiva. Inasemekana wachongaji walimmaliza wakisubiri mama yao apike chakula. Mtazame kutoka mbele kwanza, ndipo mizunguko ya mwili wake inapoeleweka.

Viatu huachwa nje, na saa sita mchana mawe ya ua huunguza nyayo hasa. Fika asubuhi, au beba soksi. Fahali Nandi, kipando cha Shiva, aliyechongwa kwenye jiwe moja, yuko kama mita 200 kutoka hekaluni, na huelekea upande wa yule nyoka. Ana urefu wa mita 8 hivi na kimo cha zaidi ya mita 4. Ukimpiga picha kutoka karibu utapata pua tu. Rudi nyuma hadi uone kengele zote za shingoni.