Mujibu wa sheria Mafinga: uzoefu wangu, mtoto wa Tanga

Nilipomaliza kidato cha sita nilipangiwa Mafinga, mkoani Iringa, kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Orodha ya vifaa vya JKT ina bukta ya bluu iliyokolea, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi na shuka. Ina pia mstari mmoja unaosema nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi. Huo mstari niliupita kama sikuuona.

Nyumbani hakukuwa na wa kunistua. Kaka alimaliza kidato cha sita wakati mujibu wa sheria imesimama (ilisitishwa 1994, ikarudi 2013). Baba alipita enzi za zamani, ila yeye alikuwa kambi ya Ruvu, huko Pwani kwenye joto, na ushauri wake ulikuwa wa Ruvu: "Beba chandarua, mwanangu. Mbu wa jeshini hawana adabu." Nikabeba chandarua, na blanketi jepesi kama khanga.

Safari yenyewe sina la kulalamika. Mikumi tuliona twiga bila kulipa kiingilio, na mlima Kitonga niliupanda macho nimefumba. Tukashuka Mafinga usiku, mwezi wa sita. Mlango wa basi ulipofunguka, ilikuwa kama mtu amefunua jokofu la samaki. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mimi nilikuwa na kandambili.

Asubuhi, kabla ya kuripoti, nikakimbilia kwenye mitumba. Mama muuza masweta akaniambia, "Kamwene!", salamu ya Kihehe. Nami kwa kujiamini nikajibu, "Marahaba."

Akacheka mpaka jirani yake akageuka. "We kijana, nani kakuamkia hapa?"

"Nisamehe mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wa pwani wewe, meno yanagongana." Akanichagulia sweta zito, akaniongezea mzula, kofia ya sufu, bure. Kama kuna kitu cha kukipa nyota tano katika miezi mitatu ile, ni mzula ule.

Baridi naipa moja. Filimbi inalia kabla hakujapambazuka, mnatoka hangani (bwenini) mbio, mvuke unawatoka midomoni kama masufuria. Wenzetu wa Makete na Njombe wako na fulana tu, wanatucheka. Mchakamchaka wala si tatizo, ukishaimba na kukimbia nusu saa damu inachemka. Tabu ni kusimama: foleni ya uji, kuhesabiwa, kumsubiri afande. Na ukitaka kuoga, oga mchana jua likiwa kali. Anayeoga alfajiri kule ana lake jambo.

Ila nisiwe mchoyo wa sifa. Fatiki, yaani kazi za mikono, tulikuwa tunapewa nje, na huko ndiko nilikoipenda Mufindi, wilaya ya huko Mafinga: misonobari imepangwa mistari mpaka macho yanachoka, harufu yake tamu, hewa nyepesi, kimya. Tanga hatuna kimya cha namna hiyo. Maharage yao pia, hata ya kuchemsha kwenye sufuria la watu mia, nilikuwa naongeza.

Niliporudi, baba swali lake la kwanza lilikuwa mbu. Nikamwambia sikumwona hata mmoja, lakini chandarua kilinifaa sana: nilikikunja mara nne, nikawa najifunika juu ya blanketi.